Ampea Kumi na Tano

Ilianza kuzimika saa ya gari.
Kisha redio, katikati ya matangazo ya vifo:
jina la marehemu likakatwa baada ya "mzee."
Simu kwenye chaja, asilimia tisa.
Mwenge, jua limesimama wima juu ya paa jeupe
la Corolla isiyo yangu.
Jioni Mama Kiwia anataka hesabu yake, elfu ishirini na tano,
na dereva wa mtandao asiye na chaji
ni mtu aliyekaa tu ndani ya gari la mtu.

Fundi Kidevu hakufungua hata mlango.
Aliinama dirishani, akafyonza meno:
"Hiyo waya, bosi. Waya wote. Laki na ishirini,
na gari uniachie mpaka kesho."
Alipouona uso wangu akashusha sauti:
"Au lete karatasi ya sigara, ile ya fedha, tuivishe fyuzi.
Haiungui tena maisha yako yote."

Haiungui. Nilimwelewa.
Kitakachoungua ni kingine.

Basi kichwa chini ya usukani, miguu nje,
wapita njia wakiviruka viatu vyangu.
Kifuniko kimeandikwa Kijapani,
vibanda vidogovidogo vya mtaa nisioujua.
Kibano cha plastiki kilipotea enzi za dereva mwingine.
Nikatumia kucha.
Nachomoa, nainua juani, narudisha.
Nyekundu, nzima. Ya njano, nzima. Kahawia, nzima,
kila moja na kijiwaya tumboni, kimepinda kama nyusi.
Ya tisa, ya buluu:
nyusi imekatika,
na doa jeusi, punje ya ulezi.
Kumbe wewe.

Dukani, shilingi mia tano.
Nikachomeka, nikawasha.
Tik.
Mia tano imekufa ikiwa na umri wa sekunde moja.

Nilitukana. Nilimtukana Mjapani, nikamtukana Kidevu
aliyekuwa ng'ambo anachambua meno, ananingoja.
Halafu nikaishika ile maiti ya pili kiganjani,
bado ina joto,
nikaona haya.
Kitu kinachokufa mara mbili mahali pamoja
hakijashindwa kazi.
Kinajibu swali ambalo sijauliza.

Nikazima swichi. Nikachomoa chaja.
Nikatia kidole kwenye tundu lake, polepole,
kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki kooni mwa mtoto.
Chuma. Ukingo. Kitu kimesimama wima:
shilingi hamsini,
hiyo hiyo ambayo siku hizi duka linakupa pipi badala yake.

Jumapili Kabula alicheza benki humu ndani.
"Baba, nimekuwekea akiba."
Nami nikasema "asante, mama,"
macho kwenye simu.

Sikurudi dukani. Kwenye kifuniko,
kati ya vile vibanda vya wageni,
palikuwa na kijipicha cha kioo na mawimbi matatu ya mvuke:
fyuzi ya kupasha joto vioo vya pembeni
visigande barafu.
Mwenge. Mwezi wa pili.
Jasho lilinidondoka hadi kwenye kijipicha chenyewe.
Nikaiazima, buluu kwa buluu,
kumi na tano kwa kumi na tano.

Redio ikarudi. Marehemu wamekwisha tangazwa,
sasa wanauza magodoro.
Simu ikalia, ikameza umeme kama ndama.
Na saa, kwa kuwa nilichomoa kila kitu,
ikaanza maisha upya:
1:00.
Yaani saa saba kamili,
wakati kivuli cha nguzo kimeshavuka barabara
na kila mtu anajua ni saa kumi.

Saa tatu nimerudishiwa, taslimu.
Mama Kiwia hatazipokea.

Ile hamsini nimeiweka mfuko wa shati, peke yake,
isije ikachanganyika na chenji za abiria.
Mwenye benki ana miaka minne
na huwa hasahau.