Mirathi ya Chuma

Baba alikuwa sonara pale Kibokoni.
Mwaka ule walipomvunjia duka
wakamwachia mizani na kigoda,
alijaza fomu, akapigwa picha,
akangoja miezi tisa kama mja mzito,
akapewa bastola.

Hakuwahi kuifyatua.
Kila mfungo mosi aliitoa, akaipangusa
kwa mafuta ya cherehani ya mama,
akairudisha kwenye kopo la biskuti,
kopo ndani ya sefu,
ufunguo wa sefu kiunoni.

Siku ya mwisho, mama akisoma Yasini,
mimi na kijiko cha maji mkononi,
alisema: "Ile mpeni Shekue."
Shekue ni kaka yangu. Yuko Tanga tangu alipooa,
naye ni sonara, Barabara ya Kumi na Mbili.
Wasia ni deni. Tukaitikia.

Arubaini haijatimu nikapanda tuktuk
hadi kituo cha Makupa, kopo mapajani.
"Umebeba nini, mama?"
"Biskuti za marehemu."
Sajini Mutuvi akafunua, akafunika upesi,
akanitazama kama niliyemletea nyoka.
"Kuitoa nyumbani hadi hapa ni kosa," akasema.
"Na ningeiacha nyumbani?"
"Kosa pia."
Basi nikawaza, nikiwa bado nimesimama:
ni wapi hasa, kati ya Kibokoni na Makupa,
palipokuwa na unyayo mmoja wa ardhi
nisioweza kukosea?

"Leseni hairithiwi," akaendelea, sasa kwa upole.
"Leseni ni pumzi. Mwenyewe akikata, nayo imekata."
Akaniandikia risiti.

Shekue akapiga simu.
Huko kwao wamemwambia: leta kwanza kibali cha kutoka,
ndipo tukupe cha kuingia.
Huku kwetu wameniambia: leta kwanza cha kuingia,
ndipo tukupe cha kutoka.
Miezi minne kila ofisi ikimwonyesha mwenziwe mlango.
Na machungwa ya Muheza yanavuka Horohoro kwa magunia,
bibi harusi huvuka na masanduku yake,
hata maiti nimemwona akivuka,
kimya, kwa karatasi mbili.

Kwa Kadhi, karani akataka bei ya kila kitu.
Sefu, nikasema. Cherehani. Mizani.
"Na hii bastola?"
Haiuzwi, nikamwambia. Haitolewi. Haivuki.
Akafikiri, akakuna sikio kwa kalamu,
akaandika: moja. Thamani: sifuri.
Ikagawanywa kwa sheria, sawasawa:
mama thumuni ya sifuri,
Shekue mafungu mawili ya sifuri,
mimi fungu moja.

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.
Kisha, nikivua buibui, kicheko kikaniganda,
kwa sababu ni mimi niliyekaa naye dukani
miaka kumi na tisa, nikivuvia moto,
nikiokota vumbi la dhahabu kwa unyoya wa kuku.
Ni mimi niliyekuwa mlangoni siku waliyovunja.
Kovu ninalo, hapa, juu ya nyusi.
Na aliposema "ile", hakunitazama.
Sikumwambia mtu. Lakini ile risiti
naitunza chini ya mto, na siku nyingine naipenda:
serikali imetugawia vizuri kuliko baba,
yeye hana, nami sina.

Shekue alikuja kwenye hitima.
Tukaenda Makupa kuiona. Hatukuonyeshwa.
Tulisomewa nambari yake tu, tarakimu sita,
kaka yangu akizifuatisha kwa midomo
kama anayesoma jina kaburini.

Alipokuwa akirudi nilimjazia lile kopo visheti.
Alinipigia usiku. Lunga Lunga walilifungua.
Horohoro wakalifungua tena,
na askari mmoja, kijana, akachukua kisheti,
akakiweka puani, hakukila.
"Mbona chanukia chuma?" akauliza.
Wakamweka benchi saa mbili.