Kitabu cha Vilivyovunjika

Kabla mafundi hawajafika na nyundo
nilipanda ngazi za nyuma, za kuelekea stoo,
kuchukua kitabu ambacho hakuna aliyekiulizia.
Tindikali imekitafuna pembeni tu,
kama mkate ulioonjwa na panya.

Wengine wakilisimulia jengo hili
huanza na jiwe la msingi, mgeni rasmi, mkasi.
Kitabu kinaanza hivi:
*Biker moja. Mvunjaji: Ndimbo. Sababu: jasho.*
Ilikuwa Januari. Huku Mlimani mapangaboi huzimwa
ili ndimi za moto zisiyumbe,
na kila kiganja kinateleza.

Mwaka wa vita una ukurasa mmoja.
Hapakuwa na cha kuvunja.
Baada yake zinakuja chupa za mvinyo
zilizokatwa kwa uzi uliolowa mafuta ya taa,
zikaitwa biker, zikavunjika,
zikaandikwa. Bei: mstari mtupu.
Halafu wiki zile bomba lilipokauka,
tukapandisha madumu kutoka Changanyikeni,
tukayachemsha maji, tukayakeneka tone kwa tone
mpaka yakasahau yalikotoka.

Mwandiko ni mmoja, umelalia kushoto:
Kasyupa, mtunza stoo, vidole vyeusi
kwa nitreti ya fedha, doa lisilosikia sabuni.
Alihesabu vioo kama mtu anayehesabu kuku jioni.

Mwaka wangu wa pili nilivunja bureti,
ile ya mwisho yenye koki isiyovuja.
Bei yake ilizidi bumu la muhula.
Nililala na viatu miguuni nikisubiri barua ya mhasibu.
Haikuja. Nikasema, mzee kasahau,
nikanunua chipsi.

Leo nafunua. Tarehe ileile.
*Bureti moja. Mvunjaji: Kasyupa. Sababu: uzembe.*
Pembeni, kwa wino mwingine: *imekatwa, mshahara wa Mei.*
Narudi nyuma. Kasyupa. Kasyupa.
Uzembe, usingizi, uzembe,
mtu ambaye sikuwahi kumwona akiangusha hata kizibo.

Chini wameanza. Meza za mvule zinalia;
mkandarasi kasema zitafaa milango.
Vumbi linapanda na harufu ya salfa, ya miaka yote.
Naazima kalamu ya mlinzi.
Nalikata jina lake kwa mstari mmoja, lisomeke bado,
naandika langu,
na kwenye sababu, ukweli:
*nilikuwa nacheka.*