Nyumba Isiyo na Ngazi

Jina lake Mundhir, miaka saba,
na mimi ndiye niliyemwandika pale dirishani, Ibra:
mkono wa kushoto, chini ya kiwiko.
"Ameanguka ngazini," alisema aliyemleta.
Nikaandika ngazini. Nikapiga muhuri.
Nikamwita anayefuata.

Dakika nne kwa miguu kutoka dirisha langu,
sita likiwa jua la Juni,
Bi Ghaniya mwalimu wake alikuwa na daftari:
*Jumapili haji. Jumatatu anasinzia.
Akiitwa ghafla hujikinga uso kwa kitabu.*
Hati nzuri, ya kupendeza.
Akalifungia kabatini, maana siri ya mtoto ni amana.

Na ng'ambo ya mzunguko wa barabara
askari Yaqdhan alikuwa na simu ya jirani,
saa tano na robo usiku:
makelele, kisha kimya, kisha
"basi, samahani, labda ni televisheni."
Akaipa nambari na tarehe.
Mlalamikaji hakuna. Akafunga.

Tazama tulivyokuwa waangalifu.
Hakuna aliyelala kazini.
Mimi nilikuwa na mfupa,
mwalimu alikuwa na usingizi,
askari alikuwa na makelele,
na Mundhir alikuwa navyo vyote vitatu
kwenye mwili mmoja,
bila kabati.

Marehemu mama, mzaliwa wa Wete,
angesema kidole kimoja hakivunji chawa.
Mama, vidole tunavyo.
Kila kimoja kina ofisi yake na kiyoyozi chake,
na gumba likitaka kusema na shahada
barua huenda kwanza Maskati,
ikarudi na swali: nakala ngapi?

Tulikutana Soko la Jumatano, mimi na Ghaniya,
tumeshika ncha mbili za kitambaa kimoja.
Akanong'ona, kwa Kiswahili, muuzaji asielewe:
"Nina mtoto mmoja, mkono kwenye plasta, ananitia hofu."
Sikupaswa kujibu. Najua nilichoapa.
Nikauliza tu: "Kwao kuna ngazi?"

Muuzaji, mikono ingali inakunja,
akatujibu kwa Kiswahili cha Unguja:
"Ile nyumba ya bati la kijani? Ya chini ile.
Haina hata kizingiti."

Hapo niliogopa mara mbili,
kwanza kwa ajili ya mtoto,
kisha kwa ajili ya soko,
kwa maana kilichotushinda ofisini mwaka mzima
kilikuwa hapa kinauzwa kwa mita.

Alhamisi nikapiga simu tatu kabla ya chai.
Jumatatu tukakaa meza moja:
mimi, mwalimu, askari,
na bibi wa ustawi wa jamii aliyetoka mjini na kalamu nne.
Tulibishana. Vizuri tulibishana.
Nani asome nini, nani asisome,
kwa nini daktari wa meno ajue ya usiku ule,
na mtoto naye ana stara yake.
Hadi adhuhuri tulikuwa na karatasi moja,
tarehe zimepangwa safu,
na askari akaitazama muda mrefu
akasema, polepole, kama anayesoma jina lake msibani:
simu ile ilikuwa Jumamosi.
Jumapili hakwenda skuli.
Jumapili hiyohiyo mimi niliandika *ngazini*.

Sasa anakaa kwa khaloo yake, Mudhaibi.
Sisemi kwamba yameisha. Bado hulala na viatu.

Alipokuja kutolewa plasta
aliniuliza mbona naandika sana.
Nikamwambia, ili wewe usisimulie mara ya pili.
Akafikiri.
Akaomba kalamu, akageuza fomu yangu,
akachora nyumba.

Mlango. Dirisha. Mtende mnene kuliko paa.
Nami, Mungu anisamehe,
kabla ya kusema nzuri
nilitafuta ngazi.