Uzi Mmoja Mmoja

Tumezima feni, maana feni nayo inataka kupiga besi.
Godoro la wageni tumelisimamisha dirishani
lizibe bajaji za Makorora na jogoo wa Mama Rehani,
jogoo asiyejua saa wala soni.
Hiza kavua shati. Mngoya kabaki na singlendi
yenye tundu pale penye kitovu,
na mimi, mwenye nyumba, ndiye fundi mitambo:
kompyuta ya binti yangu, maiki moja,
na soksi niliyoivalisha ile maiki isinase pumzi.

Miaka thelathini na saba.
Zamani tulipiga wote kwa pamoja
au hatukupiga. Waya ukikatika
tulifunga wa breki ya baiskeli,
na aliyekosea alikosea mbele za watu.
Sasa unapiga peke yako, masikioni una wenzako
wa dakika kumi zilizopita,
unajibu swali ambalo aliyeliuliza
yuko uani anakunywa mkandaa.

Tabaka la kwanza, Hiza: rithimu,
kavu kama makombo ya mkate wa mofa.
La pili, Mngoya. Huyu alitoka Korogwe Ijumaa.
Waja leo, waondoka leo, wenyewe husema;
leo Jumatano, na mswaki wake uko kwenye kikombe changu.
Ana solo ya kunung'unika,
inazunguka nyumba nzima kabla ya kubisha hodi.
La tatu mimi, besi. Nilikosea mara mbili
na hakuna aliyesema kitu. Ndiyo heshima ya uzee.

Semkiwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki,
mkono wa kushoto mapajani
kama mzigo wa mtu aliyemwomba amshikie.
Kiharusi kilimkuta mwaka juzi kwenye foleni ya benki,
siku ya pensheni. Vidole vinne havimtii.
Kimoja, cha shahada, kinasikia, lakini baada ya kufikiri.
"Mimi nimekuja kusikiliza," alisema.
Na nyimbo zote zile aliyezianzisha ni yeye.

Mwanakombo, mke wangu, alikuwa mlangoni anakuna nazi.
Akasema bila kuinua uso:
"Si mnapanga moja juu ya moja kama chapati?
Basi naye apange. Uzi mmoja, halafu mwingine."

Tukatazamana
kama watu walioonyeshwa miwani iliyo usoni mwao.

Uzi wa sita. Nikabonyeza. Ukalia. Nikasimamisha.
Wa tano alikawia, nikasikia pumzi yake,
"subiri, subiri,"
kisha ukaja. Wa nne.
Wa tatu ulikwaruza, akataka urudiwe,
tukarudia mara saba, maana jeuri yake haikupata kiharusi.
Adhana ya alasiri ikatusimamisha. Tukasali.
Umeme ukaenda, ukarudi.
Wa pili. Wa kwanza.
Saa mbili na nusu, jasho la watu wanne,
kwa kitu alichokuwa akikipiga
huku anamkonyeza msichana wa meza ya mbele.

Nikazirundika zote sita. Nikawasikilizisha.

Haikuwa sawa. Nyuzi hazikutua pamoja;
zilifika kama wageni wa harusi,
mmoja, wawili, aliyepotea njia, mwenye zawadi,
lakini sebule ikajaa.
Semkiwa aliinamisha kichwa.
"Ule wa tatu uko juu," akasema. "Ushushe."
Basi. Nikaushusha.

Usiku. Hiza kapanda baiskeli yake, gitaa mgongoni.
Semkiwa kachukuliwa na mwanawe. Mngoya anakoroma.
Nimevaa visikilizio, nasafisha:
nafuta kikohozi, nafuta bajaji,
jogoo amenishinda, jogoo yuko ndani ya ufunguo wa wimbo.
Nafika penye "subiri, subiri."
Kwa mbali, nyuma yake, mbuzi ya Mwanakombo,
kra, kra, kra,
imeshika mapigo kuliko besi yangu.

Kidole kiko juu ya kufuta.
Nakiondoa. Naenda kuwasha feni.