Mvuta Kamba

Ninyi mnaokaa gizani na bisi zenu
mnasema Yuk-sim hana uzito.
Mimi ndiye ninayeushika. Kilo arobaini na saba,
hamsini akishakula wali kwa bata.

Kazi yangu iko Kowloon, studio namba tatu:
kumpaisha mzuka juu ya bwawa la plastiki,
hariri yake ikipepea kwa feni,
na chini msomi fukara akiduwaa
hadi sharubu za gundi zimbanduke.

Usiku ule zimwi la mti lilikwama ulimi,
mita tisa za mpira,
vijana wanne wakiuvuta kwa mafuta ya kupikia.
Nje, maiti warukao walikula tambi,
hirizi za njano wamezifunua usoni
kama mapazia, wapate kupuliza mchuzi.

Moshi ukaniingia puani.
Nikapiga chafya.
Kamba ikaniponyoka, ikapita rodani,
ikajibwaga sakafuni.

Nikafumba macho, nangoja kishindo.

Kimya.

Yuk-sim yuko palepale juu,
kiatu kimoja kinaning'inia kidoleni,
kamera inazunguka.
Akanitazama mimi, si msomi,
akaweka kidole mdomoni.

Nikaokota kamba isiyofungwa popote.
Nikavuta, jasho likinitoka,
naye akapanda polepole, kunistahi.

Tangu hapo kila jioni navuta hewa.
Mwongozaji anaisifu mikono yangu.

Juzi nilimuuliza habari za zile kilo.
"Nilikuazima," akasema,
"nilikuona huna cha kushika."