Kupisha

Waliniandikia: unasimama kupisha uchunguzi.
Nikapisha.
Nilisogea kama mtu asogeavyo kando ya njia
jeneza linapopita, kitenge nimekikusanya, macho chini.
Mwaka na miezi minne nimesimama hapo.
Uchunguzi haujapita.

Mifuko mia mbili na kumi ya salfa,
ghala la halmashauri, Newala.
Leja ilikuwa yangu, mwandiko ni wangu.
Funguo zilikuwa mbili.
Ule wa pili, hakuna aliyeuliza ulilala wapi.

Nusu mshahara huwa nusu ya kila kitu:
nusu dumu la maji, nusu salamu sokoni,
penseli ya Shazili anayoikata kwa wembe
wagawane na mdogo wake.
Msimu wa kupulizia wakulima walinipita
nguo zimewawia njano kwa unga ule ule,
nami nanusa tu, najua
huu ni mzigo mpya, huu ulilala ghalani.

Mwamuzi wa Mtwara aliandika kurasa tisa.
Mimi ni mtunza ghala; nimezihesabu.
“Taratibu”, mara ishirini na tatu.
“Kupisha”, mara kumi na moja.
“Ufunguo” halimo.
Jina langu, Somoe Nalinga, limo mara mbili,
mara moja nikiwa Bwana.
Na mwishoni: kusimamishwa si kufukuzwa,
mlalamikaji bado ni mtumishi,
mlalamikaji amekuja mapema.

Mapema!
Mikorosho imezaa mara mbili tangu barua ile.

Mjomba Chitenda akaniasa: mwenye nguvu mpishe.
Nimeshampisha, mjomba.
Njia kachukua yeye, na kando ya njia kachukua yeye,
sasa anataka na hapa nilipoweka nyayo.

Basi la saa kumi alfajiri, kupitia Tandahimba,
siku ya thelathini na tisa katika zile arobaini na mbili.
Bahasha nimeipakata, vumbi limetuzoea sote.
Mtwara, dirisha la masjala, Mahakama Kuu.
Karani ni kijana, anamenya ming'oko,
anafuta vidole kwenye suruali.
Nakala ngapi?
Tatu.
Kiapo kipo?
Kipo. Nimekitia sahihi kwa mkono huu,
uliotia sahihi leja miaka kumi na miwili
na hakuna siku jumla ilinikataa.

Anapekua. Anasoma kidogo, midomo ikicheza.
Sasa mama, hasa hasa unapinga nini?

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi.
Nilikuwa na funguo, na mizigo, na tarehe zote kichwani.
Nikasema: ukurasa wa tisa, mstari wa nne.
Neno la mwisho.

Akagonga muhuri. Wino hafifu.
Akagonga tena.

Nyuma yangu foleni imekua,
bwana mmoja mwenye faili la bluu ananigusa bega:
Dada, tupishe basi.

Subiri kidogo, ndugu yangu, nikamwambia.
Sijapewa nakala yangu.