Roho Juu

Mume wangu Jumber ni fundi wa lifti mjini Kutaisi.
Ukitia sarafu, sanduku linapanda;
lisipopanda, anaitwa yeye.
Anajua kila kamba ya chuma inabeba
mara kadhaa ya mzigo ulioandikwa ukutani.
Hata hivyo, saa tisa za usiku
tunahesabu boriti, yeye na mimi,
kwenye dari la zege lisilo na boriti.

Tinatin hajapiga simu tangu Jumapili.
Gesi, umeifunga?
Na yule bibi wa ghorofa ya nane, vipi kama...
Huyu Vipi-Kama ni mpangaji wetu:
halipi kodi, halali,
na chai yetu anainywa ikiwa moto.

Miaka kumi na moja nilimwambia, "Acha kuwaza,"
kama anayemwambia mwenye kwikwi aache kwikwi.
Mama yake alisema wasiwasi ndiyo akili.
Basi ana akili ya kutosha mtaa mzima,
na shingo ngumu kama ubao,
na daktari wa moyo aliyemrudisha nyumbani
na karatasi ya mistari mizuri: moyo mzima.
Aliikunja mara nne, akalia.
Alitaka ugonjwa wenye mahali pa kushikwa.

Daktari Nestan ndiye aliyeupa jina.
Hakusema udhaifu. Aliuliza:
"Kengele ya lifti ikilia kila nzi akipita, unaing'oa?"
"Hapana."
"Unawatoa watu wote nje?"
Jumber akaitazama mikono yake, ina grisi kwenye kucha.
"Naifungua. Naipunguzia wepesi."
"Haya," akasema daktari, "tuifungue."

Vidonge vyeupe, vidogo kuliko punje ya mahindi.
Wiki mbili za mwanzo mdomo mkavu, kichefuchefu,
na hofu mpya: hofu ya vidonge.
Kisha kigoda kando ya friji:
kila jioni, saa kumi na moja na nusu,
robo saa ya kuogopa kwa bidii.
Hofu ikija asubuhi anaiambia, "Njoo jioni,"
nami nacheka nikiwa nimegeukia sinki.

Na daftari. Kushoto, ninachoogopa.
Kulia, kilichotokea.
Kulia, kurasa nzima: hakuna. Hakuna. Hakuna.
Hadi tarehe tisa Machi:
*Lifti imekwama kati ya nne na tano. Mimi ndani.*
Chini yake, kwa mwandiko uliotulia:
*Niliogopa. Nilikula zabibu kavu zilizokuwa mfukoni. Nikatoka.*

Sisemi amepona. Jana usiku alinigusa bega.
"Gesi?"
"Umeshauliza."
Akageukia ukuta.
Nikabaki macho peke yangu, mimi niliyezoea kumkesha,
nikisikiliza pumzi zake zikishuka,
ghorofa moja,
kisha nyingine,
bila haraka, hadi chini.